Zombi Hana Jirani: Kwa Nini Tunazipenda Filamu za Kutisha za Bei Chee

Mwezi wa sita, wiki mbili kabla sijaenda BTP, baridi ya Mbalizi ilikuwa imefika ile hatua ya kuvaa masweta mawili. Jioni moja mdogo wangu wa kidato cha tatu akaniomba mia tano. Nikamuuliza ya nini. "Dada, leo kuna mazombi." Nikamwambia sitoi hela ya mazombi ambayo sijayaona. Ndivyo nilivyojikuta kwenye kibanda umiza, msichana peke yangu kati ya vijana na watoto kama arobaini, nimekaa benchi la mwisho karibu na mlango ili kama kukimbia nikimbie vizuri.

Jina la filamu sikulijua mpaka leo, maana mwanzo wake ulikuwa umekatwa na sauti ya mtafsiri ilikuwa imefunika kila kitu. Ilionekana imepigwa kwenye nyumba moja na uwanja wake. Zombi mmoja alikuwa amevaa saa ya mkononi, na kila alipoinua mkono kumkamata mtu kibanda kizima kiliuliza, "Saa ngapi?" Damu ilikuwa na rangi ileile ya tomato sosi ya kwenye chipsi. Zombi aliyeuawa mwanzoni alirudi baadaye akiwa na shati jingine, na mtafsiri akatupoza: huyu ni pacha wake, amekuja kufuatilia mirathi. Tulicheka mpaka benchi likalia. Halafu katikati ya kicheko mkono ukapenya dirishani, na mimi, mwalimu mtarajiwa mwenye GPA inayoeleweka, nikamkumbatia mtoto nisiyemjua nikapiga yowe.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Kitu ambacho tunaona kabisa kuwa ni unga na sosi kinatushikaje? Na kwa nini tulipokuwa tunarudi nyumbani usiku ule, tukiigiza ile saa na yule pacha, wote tulinyamaza ghafla tulipofika kwenye mashine ya kusaga? Swali la pili ni gumu zaidi, nitalifikia. Tuanze na la kwanza.

Mfu anayelima

Neno zombi limetufikia kutoka Haiti. Wahaiti wengi ni vizazi vya Waafrika waliopelekwa utumwani, wakiwemo wengi kutoka eneo la Kongo, kulima miwa na kahawa ya Wafaransa. Waliasi mwaka 1791 na mwaka 1804 wakatangaza uhuru. Sasa zombi wa hadithi zao hali watu. Ni maiti iliyotolewa kaburini na mchawi ili ifanye kazi. Inalima, inakata miwa, haidai mshahara na wala hailalamiki. Akionjeshwa chumvi anazinduka, anatambua kuwa alishakufa, na anashika njia kurudi kaburini kwake. Mimi nasoma Historia na Kiswahili, na ukiiangalia hadithi hiyo kwa jicho la Historia unaona kabisa ni ndoto mbaya ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa, kwamba hata kufa hakukutoi shambani.

Msomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe, niambie ukweli: huyo hujawahi kumsikia? Sisi tunamwita msukule. Ndugu zetu wa kusini, Songea mpaka Lindi, wanamwita ndondocha. Kwa masimulizi tuliyolelewa nayo, mtu anakufa kiini macho, kinachozikwa ni mgomba, yeye anakatwa ulimi asiseme, anafichwa darini, analishwa pumba na usiku anapelekwa shambani. Nimewasikia wenzetu wa kozi ya Sosholojia wakieleza kwamba imani kama hizi zinashamiri pale ambapo watu wanaona mali ya mwenzao inakua na hawaoni jasho lake. Sina ugomvi na maelezo hayo. Tunalitumia hilo neno hata sisi wenyewe wiki ya mitihani, mtu anatoka maktaba saa nane usiku tunamwambia, "Umekuwa msukule."

Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na hadithi za zombi zikasafiri na waandishi waliorudi kwao. Mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie, yenye Bela Lugosi, na ndani yake unawaona wafu wakizungusha mtambo wa miwa usiku na mchana. Hata hiyo ilikuwa ya bei ndogo. Ilipigwa kwa siku kumi na moja hivi.

Aliyembadilisha zombi akawa huyu mla watu wa kwenye kibanda ni George Romero. Yeye na marafiki zake wa Pittsburgh, waliozoea kutengeneza matangazo ya biashara, walichanga hela wakapiga Night of the Living Dead, ikatoka mwaka 1968. Iligharimu dola kama 114,000, ambazo kwa Hollywood ya wakati ule zilikuwa hela za soda. Walitumia filamu nyeusi na nyeupe, nyumba moja ya shambani, na watu wa maeneo yale wakajitolea kuwa wafu. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu kwenye picha isiyo na rangi hakuna atakayejua. Shujaa wao, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, na filamu ilitoka mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Ben anaokoka usiku mzima dhidi ya wafu, na asubuhi anapigwa risasi na waokoaji waliodhani naye ni zombi. Ukiiangalia mara ya pili hucheki.

Kuna mkasa mmoja hapo ambao mtu wa sheria ataufurahia. Walibadilisha jina la filamu dakika za mwisho, na kwenye kibao cha jina jipya wakasahau kuweka tamko la hakimiliki, ambalo sheria ya Marekani ya wakati ule ililidai. Filamu ikawa mali ya umma. Yeyote aliweza kuinakili, kuionyesha na kuiuza. Romero na wenzake walipoteza hela nyingi, lakini zombi wao alipata visa ya dunia nzima bila kupanga foleni.

Zimwi la hela ya bando

Hesabu gharama za mazimwi mengine. Dinosaria anataka kompyuta na wataalamu mia. Jini lazima apae au apotee. Zombi anataka jirani mwenye muda, unga kidogo usoni na nguo chakavu. Hana maneno ya kukariri. Hatembei haraka, kwa hiyo kamera mbovu haimpotezi. Ukiwa na nyumba, giza na binamu kumi, una jeshi.

Ndiyo maana kila kizazi cha vijana wasio na hela kinaanzia hapo. Huko Japani, mwaka 2017, Shinichiro Ueda alipiga One Cut of the Dead kwa yen milioni 3 hivi, na waigizaji waliotoka kwenye mafunzo ya uigizaji, si nyota. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa kwa pumzi moja bila kukata, na ni mbaya kweli. Mtu anasimama anashangaa, kamera inaanguka, maongezi hayaeleweki. Ukivumilia, nusu ya pili inakuonyesha nyuma ya kamera, yaani nini kilikuwa kinatokea mpaka kila kosa likatokea. Filamu ikaja kuingiza zaidi ya yen bilioni 3. Watu walilipa kuona makosa yakitengenezwa.

Karibu na kwetu kuna Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana IGG, si mtu wa mazombi hasa, yeye ni wa makomando na kung-fu, lakini fundi ni yuleyule. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana haikufika hata dola 200. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu, damu ni maji ya rangi ndani ya kondomu iliyofichwa chini ya nguo, na helikopta ni ya kompyuta ambayo mtoto wa miaka sita anajua siyo helikopta. Juu ya yote kuna VJ Emmie anayepiga kelele, anasifia, anatania, anakuambia kaa tayari. Ukizima sauti yake filamu inakufa.

Na hapo nadhani ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Kwenye fasihi simulizi tulifundishwa habari za fanani na hadhira. Bibi akisimulia zimwi hakuwa na vazi la zimwi. Alikuwa na kanga yake ileile na kikombe cha chai mkononi. Tulimwona ni bibi, tulijua ni bibi, na bado alipobadilisha sauti tulipandisha miguu kitini. Ule uwazi wa kuona mkono unaotengeneza uongo haukuua hofu. Ulitufanya tushiriki, tuitikie, tumsaidie kudanganya. Filamu ya bei chee inafanya kazi hiyohiyo. Filamu ya mamilioni imekumalizia kila kitu, wewe kazi yako ni kukaa. Ile ya kibandani imeacha matobo, na matobo hayo tunayaziba sisi kwa kelele zetu, halafu mtafsiri anaziba yaliyobaki. Tangu enzi za Lufufu, yule mkongwe wa kutafsiri filamu ambaye wazazi wetu wanaiga sauti yake mpaka leo, mtafsiri ni fanani kamili. Kwa maoni yangu anastahili kuingia kwenye muhtasari wa kozi ya fasihi kabla ya baadhi ya vitabu tunavyovijua sote.

Msukule ana mwenyewe

Sasa tuje kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za Bongo zilipoanza kupigwa kwa kamera za video na kuuzwa kwenye kanda, mmoja wa waliojaribu za kutisha alikuwa Mussa Banzi. Alitoa Nsyuka, na baadaye Shumileta, habari za jini wa kike. Hilo jina la Nsyuka linatuhusu watu wa huku moja kwa moja. Kwa Kinyakyusa abasyuka ni marehemu, wazee wa ukoo waliotangulia, na kusyuka ni kufufuka. Yaani filamu ya kutisha iliyotengenezwa Dar es Salaam ilipotafuta jina la kutisha, ilikuja kukopa Rungwe na Kyela. Sijui tujivunie au tudai fidia.

Tangu hapo zimekuja nyingi, na siku hizi zinapigwa kwa simu na kurushwa vipande vipande. Ukizitazama tano utaona mpangilio. Unga usoni, shuka jeupe, radi ya kompyuta, kitambaa chekundu, chungu. Na kila mara yupo mtu mmoja ambaye Romero hakuwa naye, mwenye msukule. Kwenye filamu ya Romero redio inataja mnururisho uliotoka kwenye chombo cha anga, wanasayansi wanabishana, na basi. Wafu hawana bosi. Hakuna wa kumkamata. Unachoweza kufanya ni kupigilia mbao madirishani na kuona nani kati yenu ni mwoga. Kwetu, hadithi nzima ni safari ya kumtafuta mwenyewe, na akipatikana mara nyingi ni bibi anayeishi peke yake, au mjane, au mfanyabiashara ambaye duka lake limejaa kuliko la wenzake.

Zombi anakufa taa zikiwashwa. Mwenye msukule anatoka nasi kibandani, kwa sababu kila mtaa una bibi anayeishi peke yake.

Kwenye mtaa wetu alikuwa mama wa mashine ya kusaga. Mwaka 2011, nikiwa darasa la pili, tulikuwa na ushahidi wote. Mashine yake ilinguruma saa saba usiku. Magunia ya pumba yaliingia uani kwake na hayakutoka. Alikuwa mjane, na alijenga. Watoto tulikuwa na uhakika kwamba misukule yake ilikuwa ishirini na mbili, sijui nani aliihesabu. Mtu akitumwa kusaga alikuwa anaweka ndoo mlangoni, anakimbia mpaka ng'ambo ya barabara, anasubiri aitwe. Watu wazima hawakutukataza. Wengine walihamia mashine ya mbali zaidi.

Nimekuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali nchi nzima. Mchana hakuna umeme, usiku unarudi, na mwenye mashine anasaga umeme unaporudi. Pumba alikuwa analishia nguruwe. Nguruwe walikuwa wanasikika! Tulikuwa tunasikia nguruwe wakilia uani tukaambiana ni misukule inajaribu kuongea bila ulimi.

Kwake iliishia kwenye minong'ono. Kwa wengine haikuishia hapo. Vikongwe wameuawa nchi hii, kanda ya ziwa hasa na hata mikoa yetu, kwa tuhuma za uchawi, na "ushahidi" mara nyingi umekuwa macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote.

BTP nilipangiwa shule moja ya kata, kidato cha pili. Niliwapa insha ya kubuni, "Usiku nisioweza kuusahau". Wengi waliandika mazombi, na zilikuwa tamu: zombi anayeogopa mwalimu wa zamu, zombi aliyekosa nauli ya daladala. Kijana mmoja aliandika msukule. Lugha safi, aya zimepangwa, na kwenye aya ya tatu akamtaja mwenye msukule kwa jina kamili, mtaa, na rangi ya mlango wa nyumba. Nikakaa na kalamu nyekundu nisijue la kufanya. Mwalimu mmoja mwenyeji akaniambia nimpe alama zake, huo ni ubunifu. Nilimwita kijana. Akasema, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, lakini huyo ni kweli. Kila mtu anajua."

Hiyo "kila mtu anajua" niliitambua, niliwahi kuisema mimi kwenye ndoo ya mahindi. Sikumhubiria. Nilimwambia jina siwezi kulisahihisha, alifute, na aandike upya, safari hii anayesimulia awe msukule mwenyewe, siku anapopata ulimi wake. Alinuna siku mbili. Alipoileta, msukule wake hakumtaja mchawi kabisa. Kitu cha kwanza alichouliza ni leo ni tarehe ngapi, cha pili amelima ekari ngapi, na cha tatu malipo yake anayafuata ofisi gani. Darasa lilipomsikiliza akisoma lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Nilimpa kumi na saba juu ya ishirini. Mimi pia nilikuwa na malipo ninayodaiwa.

Niliporudi Mbalizi mama alinituma kusaga debe la mahindi. Mashine ya karibu ni ileile. Mdogo wangu alinisindikiza na baiskeli mpaka barabarani, akasimama. Niliingia na ndoo yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alinitazama kidogo huku akifuta unga kwenye nyusi, nyusi zote nyeupe, na kusema kweli bila kujua kilichokuwa kichwani mwangu angeweza kuajiriwa na Romero. "Wewe siyo wa kuachia ndoo mlangoni?"

Nikasema ndiyo, mimi ni mmoja wao.

"Ndugu yako bado," akasema, akanyoosha kidole nje. Mdogo wangu alikuwa ng'ambo ya lami, ameshika baiskeli kwa mikono miwili, anasubiri aitwe.